Mashini Isiyobebeka

Goma, 14 Mei 2012

Kwa papa mukubwa Sikuli, Butembo.

Nisamehe nikitanguliza sauti kabla ya salamu. Tk, tk, tk, halafu kimya kidogo, halafu tk, tk, tk tena, kama mtu anayebisha mlango kwa pete. Ilitoka ndani ya ordinateri, kompyuta ya depo yetu ya dawa, siku ya Alhamisi, saa nne ya asubuhi, nilipokuwa natafuta loti ya serum, maji ya dripu. Tulifundishwa shuleni kwamba disk ikianza kugonga hivyo imeshakufa, inagonga kwa mazoea tu. Tangu siku hiyo naisikia hata ninapopika. Najua masikio yako yamekataa telefone, ndiyo maana tunaandikiana kama watu wa zamani, lakini nilitaka uijue sauti hiyo walau kwa karatasi.

Sasa salamu. Sisi tuko wazima. Kaburi la marehemu baba nimelifagia, mawe ya pembeni yalikuwa yameanguka. Dative, anayehudumia wateja kwenye guichet, anakusalimu. Namwombea mama Marie-Louise goti lipone kabla ya mavuno.

Disk imekufa na orodha yote ya dawa: ipi iko rafu gani, ni ya loti gani, itaisha mwezi gani. Mimi na Dative tunaandika upya, katoni kwa katoni. Umeniuliza kupitia Zéphirin, msafirishaji wetu, tununue mashini gani. Nimezunguka maduka ya Birere siku mbili na haya ndiyo mawazo yangu.

Tuanze na kazi, mashini ifuate. Programu yetu ni ndogo. Watu watatu wataiuliza kwa wakati mmoja: Dative mbele, mimi nyuma, na anayepokea katoni mlangoni. Hiyo haihitaji kitu kikubwa. Inahitaji ordinateri tatu za kubebeka, zenye betri ndani, maana umeme wa hapa unaondoka bila kuaga na kurudi kwa hasira. Moja itunze orodha yote, mbili zisome kwake. Tuziunganishe kwa kable, tusitumie mawimbi ya hewani. Kuta zetu ni mabati na rafu ni za chuma, mawimbi yatapotea humo. Katikati tuweke kisanduku cha kugawa kable, chenye matundu manane, wanakiita switch. Mashini kubwa zinavuta hewa nyingi, na wewe unaijua hewa ya Goma: ni vumbi jeusi la mawe ya volkano, linaziba kila tundu. Mwisho, disk ya inje kwa kopi ya kila jioni, isilale nyumba moja na mashini. Kopi nyingine nitampa Zéphirin akuletee.

Kuna jambo la pili, papa. Uliniambia nishike depo mwaka mmoja, mpaka mwanao Adalbert arudi kutoka Kampala. Huu ni mwaka wa tatu. Unajua nataka kumaliza licence, digrii yangu, huko Bukavu. Dative anaifahamu kazi yote. Naomba neno lako.

Binti yako,
Katungu Charline


Butembo, tarehe 3 mwezi wa sita 2012

Mutoto wangu Katungu,

Salamu mingi mu jina la Bwana. Huku tuko wazima. Mama yako Marie-Louise, goti ingali inamusumbua lakini anaenda misa kila siku, sijui na goti gani. Kahawa iko muzuri mwaka huu. Mutoto wa jirani alianguka mu muti akavunja mukono, walimufunga.

Nilisoma barua yako mara mbili. Umefundishwa muzuri, na nilifurahi, sababu ni miye nilikufundisha. Lakini sikiliza. Kitu cha kubebeka kinabebwa. Leo na muwizi, kesho na vita. Kampala niliona kwa rafiki yangu mashini ya kusimama, murefu kama mutoto wa miaka kumi, na taa za bluu mbele. Banaita serveur. Aliniambia hata batu kumi na tano wanaweza kuiuliza mara moja. Nilinunua. Itapita mupaka wa Bunagana mbele ya mwisho wa mwezi, Zéphirin atakufikishia.

Utaiweka mu chumba yako ya kulala, sababu ni ile tu inafungika muzuri. Dirisha, nilituma fundi aizibe na matofali. Ufunguo ni mumoja, utabaki nao.

Unaniuliza juu ya Adalbert. Ana shughuli. Atakuja.

Tangu muzee wetu aliuzisha samaki wa Vitshumbi, hatujaachia mulango kwa mutu asiye wa nyumba. Depo hailindwe na mushahara. Inalindwa na damu.

Papa mukubwa wako,
Sikuli


Goma, 22 Julai 2012

Papa mukubwa,

Nakusalimu na nyumba yote. Barua hii itazunguka Uganda kabla haijakufikia. Barabara ya Rutshuru imefungwa, Bunagana imeanguka, Kiwanja pia, na Zéphirin anasema sasa Butembo na Goma zimetengana kama watu waliogombana kwenye matanga. Sijui utaisoma lini. Sisi tuna afya, chakula kipo ingawa viazi vimepanda bei.

Mashini yako ilivuka Bunagana siku saba kabla ya waasi kuingia. Zéphirin aliileta kwa chukudu, baiskeli ya mbao ya mizigo, toka parking ya magari, imefungwa blanketi, watu wawili wakisukuma na yeye akiamuru.

“Dada Charline,” alisema, “tumeulizwa njia nzima marehemu ni nani.”

“Mkasema?”

“Tukasema ni mtu wa Butembo, mzito, ameacha mali.”

Dative alicheka mpaka akakaa chini. Tangu hapo sijamwona akicheka. Mama yake amekimbia Rutshuru kwa miguu, sasa yuko kambini, upande wa Kibati, chini ya sheeting ya plastiki. Dative anampelekea unga kila Jumapili.

Serveur nimeifunga, inafanya kazi. Kable nimezipitisha juu ya dari mpaka guichet na mpaka mlangoni. Nakwambia ukweli kama fundi: ni mashini nzuri iliyokuja kwenye nyumba isiyo yake. Inanguruma mchana kutwa. Inatoa joto kama jiko. Kila Jumamosi naifungua na kuisafisha kwa brashi, na kila Jumamosi vumbi limerudi. Umeme ukikatika, onduleur, kisanduku cha betri, inaishikilia dakika nne tu. Katika dakika hizo nne lazima mtu awe pale aizime kwa taratibu, la sivyo orodha inaharibika tena. Mtu huyo ni mimi, maana ufunguo ni mmoja. Siwezi kwenda sokoni bila kumwomba Mungu juu ya umeme. Jumapili iliyopita nilitoka kanisani katikati ya mahubiri kwa sababu taa zilizimika.

Fundi alimaliza dirisha. Kwa hiyo asubuhi najua ni asubuhi kwa sababu ya magari.

Naomba ruhusa ya vitu viwili. Ufunguo wa pili kwa Dative, na neno la siri la kuingia katika mashini, alijue na yeye. Ukikataa, niandikie sababu. Siyo ile ya damu, hiyo nimeisoma. Sababu juu yake yeye.

Katungu


Butembo, tarehe 31 mwezi wa nane 2012

Mutoto wangu,

Barua yako ilikaa njiani wiki tano. Salamu kwako na kwa wote wanakuuliza habari yangu. Tumevuna kahawa. Tulizika muzee wa parokia, batu walikuwa wengi kama siku ya soko. Miye sikio ya kushoto haisikie tena hata kengele.

Nilifurahi mashini ilifika mbele ya vita. Unaona? Ingekuwa vile vidude vyako, watu wangeviingiza mu mufuko wa koti. Yako, nani ataibeba?

Ufunguo ni mumoja. Sina ya kuongeza.

Adalbert aliniandikia, anakusalimu. Anamaliza mambo yake. Uwe na uvumilivu, wewe si wa kwanza kungojea mu hii familia.

Papa mukubwa wako,
Sikuli

(Chini, kwa kalamu nyingine, herufi ndogo sana:) Mwanangu, ni mimi ninayekunja barua hizi. Adalbert ameoa Kampala mwaka uliopita, anaendesha duka la mama mkwe wake. Hatarudi. Papa yako amekataza usiambiwe, anaogopa utaacha. Usiseme ni mimi. Mama M.-L.


Goma, 13 Oktoba 2012

Papa mukubwa,

Salamu. Pole kwa muzee wa parokia, aliyenibatiza. Pole na sikio. Mvua imeanza, na hilo ni jema kwa vumbi. Mama wa Dative ameugua kambini, sasa ana nafuu.

Nitaandika kwa ufupi.

Chuo cha Bukavu kimenipokea. Barua yao iko mbele yangu. Lazima nijiandikishe mwenyewe, kwa mkono wangu, kabla ya tarehe 15 Desemba. Ikipita, nafasi inapewa mwingine, na mimi nina miaka ishirini na sita.

Naomba uniandikie tarehe ambayo Adalbert atafika Goma. Usiandike “karibu”, usiandike “ana shughuli”. Siku, mwezi. Nitakuamini ukiandika.

Nimefikiri sana juu ya mashini hapa chumbani, maana hakuna kingine cha kutazama. Ulipochagua ile isiyobebeka, ulichagua pia mtu asiyeondoka. Sidhani ulikusudia. Au ulikusudia, sijui. Kwa barua siwezi kuuona uso wako. Ningekuwa nimenunua zile tatu ndogo, ningeweza kumkabidhi mtu yeyote mwenye akili, na kazi ingeendelea. Ile ndiyo iliyokuwa maana ya orodha yangu ya Mei. Sikuisema wakati ule kwa sababu niliona aibu. Umenisomesha, umenivalisha, na mimi natafuta mlango katika orodha ya vifaa.

Wateja wanaendelea kuja. Programu inafanya kazi. Hakuna dawa iliyoisha muda wake kwenye rafu hata moja, kwa mara ya kwanza tangu nimefika. Dative ndiye aliyepanga rafu.

Katungu


Butembo, tarehe 6 mwezi wa kumi na moja 2012

Mutoto wangu Katungu,

Salamu. Tuko wazima. Mama yako anakuombea rozari kila siku. Nyumba iko na kimya, sijui ni masikio yangu ao ni watu.

Nilisikia chuo imekupokea. Ni muzuri. Chuo haikimbie. Bukavu itabaki pale pale, mwaka ujao na mwingine.

Watu wa huku wanasema vita itafika Goma. Ikifika, usitoke. Funga mulango, kaa na mashini mpaka ipite. Usimufungulie mutu. Nasema mutu yeyote.

Juu ya Dative: ni mutoto muzuri, anafanya kazi. Lakini unajua. Wewe ni mukubwa, unajua wakati tuko nao.

Adalbert atakuja.

Sikuli


Bukavu, 10 Desemba 2012

Papa mukubwa, mama Marie-Louise, nyumba yote,

Nawasalimu. Niko mzima, sina jeraha. Depo iko nzima, haikuibiwa hata katoni. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo utakalolitafuta kwanza, na nisingependa ulitafute mpaka ukurasa wa pili. Hapa kuna mvua na matope, nimelala kwa masista, chakula ni maharagwe na ni kizuri.

Barua yako ya mwezi wa kumi na moja iliingia Goma siku ya Ijumaa. Siku ya Jumapili kambi ya kule Kibati ilimwagika barabarani, watu na magodoro na mbuzi. Jumatatu mabomu yalianza kusikika upande wa kiwanja cha ndege. Nikakutii. Asubuhi nilifunga guichet, nikamwambia Dative aende akamtafute mama yake, nikaingia chumbani na mashini, nikageuza ufunguo.

Umeme ulikatika kabla ya saa nne. Onduleur ililia dakika nne, nikaizima serveur kwa taratibu kama ninavyojua, na baada ya hapo hapakuwa na kazi yoyote ya kufanya mle ndani. Nataka ulijue hilo. Nilikaa sakafuni gizani mchana kweupe, kwenye chumba kisicho na dirisha, nikilinda mashini iliyozimwa ambayo hakuna mtu angeweza kuibeba. Nilikuwa nangoja ruhusa ya kutoka, kutoka kwa mtu ambaye hata ningepiga kelele asingesikia.

Saa nane Dative alibisha.

“Charline, fungua.”

“Papa amekataza.”

“Papa gani? Yule wa Butembo? Mwambie basi aje afunge mwenyewe. Niko na mama hapa, miguu yake imevimba.”

Papa, sikufungua. Neno lako lilikuwa mfukoni mwangu: mutu yeyote. Nilimsikia akimkalisha mama yake juu ya bidoni ya maji. Nilimjua kwa miaka mitatu, tumekula sahani moja, na nilikuwa nimeshika ufunguo nikiwaza “unajua wakati tuko nao”. Sitasahau kwamba niliwaza hivyo. Sikuwaza kwa kichwa chako, niliwaza kwa changu.

Kisha akasema tena, kwa sauti ya kawaida, kama tunavyoongea kazini: “Kuna infirmier wa hospitali hapa, ana barua ya daktari. Wanataka serum, katoni zote tulizo nazo. Watu wanaletwa na mikokoteni.”

“Mashini imezimika,” nikasema. “Siwezi kuona ziko wapi.”

“Unauliza mashini kitu nilichokiweka na mikono yangu? Rafu ya saba, chini, nyuma ya katoni za gants za mikono. Ni ishirini na mbili. Mbili zinaisha mwezi wa kwanza, tutoe hizo kwanza. Shida ni ufunguo wa depo, Charline. Uko kwako, pamoja na wa chumba.”

Nikafungua.

Mama yake aliingia wa kwanza, akaitazama serveur kwa muda. “Hii ni frigo?” akauliza.

“Hapana, mama.”

“Basi inafanya nini, na hakuna umeme?”

“Kwa sasa, haifanyi kitu.”

“Ah,” akasema, akaiegemea, akavua viatu.

Tulitoa serum katoni ishirini na mbili. Dative aliandika kila moja kwa Bic nyuma ya kalenda, loti na tarehe, na infirmier akatia sahihi. Siku iliyofuata waasi waliingia mjini. Tulikaa watatu chumbani siku nane, mlango ukiwa wazi mchana, na tulihudumia waliokuja. Hakuna aliyetuuliza kabila. Wangeuliza, ningesema hawa ni wa nyumba, na Dative alisema angesema hivyo hivyo juu yangu, ila kwa Kinyarwanda, lugha ya mama yake na ya waasi wengi, kwa sababu pengine ingefaa zaidi.

Waasi walipoondoka, na umeme uliporudi, nilifanya mambo ambayo nakuandikia yakiwa yamekwisha.

Serveur nimeibadilisha. Kuna kituo cha kufundisha ordinateri kule Himbi, kina groupe yake ya umeme inayowashwa kutwa, na wanafunzi kumi na wanne watakaoiuliza kwa wakati mmoja. Pale itafanya kazi iliyoundwa kufanya. Wametupa ordinateri tatu za kubebeka, zimetumika lakini betri ni mpya, switch moja, kable, na disk ya inje. Karatasi ya mabadilishano ina muhuri na sahihi mbili, naifunga pamoja na barua hii. Ni mali yako nimeibadilisha bila neno lako. Sitajitetea.

Orodha yote imehamishiwa kwenye ndogo, nimeijaribu siku tatu. Nilizima umeme kwa makusudi mara sita na haikupotea hata loti moja. Kopi ya jioni inalala kwa masista wa parokia. Matofali ya dirisha la chumba yamebomolewa. Mama wa Dative analala pale.

Adalbert haji. Usiniulize nimejuaje, kama mimi nisivyokuuliza kwa nini hukusema. Na neno ulilokuwa nalo juu ya Dative hukuliandika hata mara moja, papa, kwa barua tatu. Nilidhani ni heshima. Sasa nadhani ulijua kwamba ukiliandika utalisoma.

Nilipanda boti Ijumaa na mfuko mmoja. Leo asubuhi nimejiandikisha. Namba yangu ni 118.

Najua utaniita nirudi. Utaandika kwamba mwizi ameingia, kwamba umelala kitandani, kwamba damu ni damu, na huenda mojawapo itakuwa kweli. Kwa hiyo nilifanya jambo la mwisho kabla ya boti. Nilimkabidhi Dative ufunguo wa depo na ule wa chumba, mbele ya Zéphirin na mama yake. Kisha nikamkalisha mbele ya ordinateri kuu, nikamwonyesha mahali pa kubadilisha neno la siri, nikageuka nikatazama ukuta mpaka aliposema amemaliza.

Mimi silijui neno hilo. Hata nikirudi kesho, siwezi kuingia. Ukitaka kujua kilichomo katika depo yako, mwandikie yeye. Jina lake kamili ni Nshimiyimana Dative, anasoma Kiswahili na Kifaransa, na anajibu barua siku ile ile anayoipata.

Binti yako,
Katungu Charline